Mipaka ya Mamlaka na Hiyari ya Raia: Mhadhara kwa Watu wa Mhunze



Nimepewa heshima ya kusema nanyi, watu wa Kishapu, juu ya serikali na mtu mmoja mmoja, yaani juu ya kadiri ya nguvu ambayo raia wanapaswa kuwakabidhi watawala wao, na kadiri ambayo wanapaswa kubaki nayo mikononi mwao wenyewe. Na kwa kuwa maneno ya namna hii yakisemwa kwa jumla huwa mepesi kukubaliwa na mepesi vilevile kusahauliwa, nimeazimia kuyasema kwa mifano ya nchi hii ya Shinyanga na jirani zake, ambayo imeonja utawala wa watemi, wa Wajerumani, wa Waingereza na wa kwetu wenyewe, na kwa hiyo haina haja ya kuazima ushahidi kutoka mbali.

Rai yangu ni hii: nia njema ya serikali, hata iwe safi namna gani, si mpaka wa nguvu zake, na serikali huhitaji kufungwa na sheria zaidi pale inapotaka kututendea mema, kwa sababu serikali inayotutakia mabaya hujulikana mapema na kila mtu akajihadhari nayo, lakini ile inayotuhamisha, kutuweka ndani na kutunyang'anya kwa ajili ya maslahi yetu hutukuta tumekwisha kuipigia makofi.

Nianze na jambo zito kuliko yote nitakayoyataja. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe, aghalabu wanawake, walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi. Na macho mekundu, ambayo bibi aliyepika umri wake wote kwa moshi wa kuni na wa samadi hawezi kuyakwepa, yalitosha kuwa ushahidi wa kumtoa roho. Serikali ilighadhibika, na ilikuwa na haki ya kughadhibika, maana serikali isiyoweza kumlinda kikongwe kitandani mwake haijui imewekwa kwa kazi gani. Mwaka 1976 askari polisi na maofisa wa usalama waliingia vijijini kuwasaka wauaji, wakakamata watu wengi, wakawaweka ndani na kuwahoji. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwauliza wanahoji vipi, mahojiano yakageuka mateso, na baadhi ya watuhumiwa wakafa mikononi mwa wale wale waliotumwa kuzuia vifo. Watu hao walikuwa hawajahukumiwa. Huenda miongoni mwao walikuwamo wauaji kweli, na huenda walikuwamo waganga wasio na hatia na wakulima waliochongewa na jirani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Hatutajua kamwe, kwa sababu chombo ambacho wanadamu wamejiwekea cha kupambanua mambo hayo, yaani mahakama, kilirukwa.

Habari zilipofika juu, mawaziri na wakuu wa mikoa waliwajibika. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ijapokuwa si yeye aliyeamuru mateso wala hakuwapo yalipotendeka, na wenzake wakajiuzulu, wakiwamo wakuu wa mikoa yetu hii miwili. Kitendo kile kilikuwa cha insafu, na nchi haikumsahau nacho, kwani miaka minane baadaye ndiye aliyekuwa Rais wake. Nami namheshimu kwa hilo pasi na kusita. Lakini tuangalie kwa makini: kujiuzulu kulikuja baada ya watu kufa, na kulitegemea dhamiri ya mtu mmoja mwenye haya. Taifa haliwezi kuendeshwa kwa kutumaini kwamba kila waziri atakuwa na haya. Kinachotakiwa ni kizuizi kinachokuja kabla: sheria inayomlazimu askari amfikishe mtuhumiwa mbele ya hakimu upesi, hakimu asiyeogopa kumwuliza askari juu ya alama za mwilini, na wakili anayeruhusiwa kuingia. Na jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba mateso yale hayakuwaokoa vikongwe wa miaka iliyofuata, maana mauaji yaliendelea katika miaka ya themanini na ya tisini na baada ya hapo. Dhulma ilitendwa, na hata ile faida iliyoahidiwa kuwa bei yake haikupatikana.

Asidhani mtu kwamba habari ya kumwekea mtawala mipaka ni bidhaa ya Ulaya iliyoletwa na meli. Ntemi wa Kisukuma hakutawala peke yake. Alikuwa na banamhala, yaani wazee, waliomshauri na kumkanya, na bananzengo, yaani wakazi wa kila mtaa, walikuwa na mambo yao ambayo hakuyaingilia, na ntemi aliyeshindwa, mvua zikakatika na nchi ikataabika, aliweza kuondolewa. Tena palikuwa na kizuizi kikubwa kupita vyote hivyo, nacho hakikuhitaji baraza wala kiapo: mtu asiyeridhika aliswaga ng'ombe zake akaenda kukaa kwa ntemi mwingine. Ardhi ilikuwa tele na watu walikuwa haba, na ntemi aliyekimbiwa na watu hakubaki na kitu cha kutawala. Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, aliliona jambo hili kwa upana zaidi: mtawala anayewatoza watu kwa kiasi kidogo hupata mapato mengi, kwa sababu watu hufanya kazi kwa moyo, na yule anayewanyang'anya mali na kuwalazimisha kazi huwavunja moyo hata nchi ikaharibika na hazina yake pia. Hakuyajua mashamba ya pamba ya Kishapu, lakini alimjua mkulima.

Waingereza walipotawala kwa kupitia watemi walimlipa ntemi mshahara, wakamfanya awajibike kwa Bwana Shauri badala ya kuwajibika kwa banamhala, na hivyo vizuizi vya zamani vikalegea ilhali vipya havikuwekwa. Baada ya vita kuu ya pili walianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, kuanzia mwaka 1947, na shirikisho la watemi likawa na makao yake Malya. Nia ilikuwa njema, nami sisemi hivyo kwa dhihaka: udongo ulikuwa ukichoka, mifugo ilikuwa mingi kupita malisho, na wataalamu waliona hatari ya kweli. Ila walichokifanya ni kuugeuza ushauri kuwa amri. Mkulima aliamriwa afunge matuta, atie samadi, alime muhogo wa akiba, apunguze ng'ombe. Na asiyetii alitozwa faini au alifungwa. Chama cha TANU nacho kilinyimwa ruhusa ya kuendesha matawi katika sehemu hizi tangu 1954 hadi 1958, kana kwamba malalamiko hutoweka yakikosa mahali pa kusemewa. Malalamiko hayakutoweka, mwaka 1958 yalilipuka Geita, serikali ilipotaka kuwawekea watu baraza la wilaya ambalo hawakulitaka, na maelfu wakaenda Mwanza kudai wasikilizwe, wakatawanywa kwa virungu na moshi wa machozi. Mwishowe serikali ndiyo iliyorudi nyuma, baraza lile likaachwa, na mengi ya matuta yaliyolimwa kwa faini yakaachwa pia.

Katika miaka hiyo hiyo Wasukuma walionyesha kitu kingine, ambacho napenda vijana wakijue vizuri. Mkulima alifika gulioni na pamba yake aliyoichuma kwa mikono ya wake na watoto, ikapandishwa juu ya mizani asiyoweza kuisoma, akatajiwa uzito na mnunuzi, akapokea fedha na kwenda zake akijua moyoni kwamba ameibiwa lakini hajui ameibiwa ratili ngapi. Dawa ingeweza kutafutwa katika maandamano, au katika kuomba serikali itunge amri nyingine. Paul Bomani na wenzake walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe penye mizani, watu waliojua kusoma na waliolipwa na wakulima. Kutoka jambo hilo dogo kikakua chama, na vyama vikaungana, na mwaka 1955 ukasimama muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao baada ya miaka michache ulikuwa ukinunua pamba ya Usukuma na kumiliki vinu vya kuchambulia, kama kile cha Kasamwa upande wa Geita, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Hao walikuwa watu huru waliojifunga kwa hiyari yao, na hiyari hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yao.

Yaliyofuata yanauma kuyasimulia. Baada ya uhuru ushirika ulipewa na sheria haki ya kununua peke yake, na mkulima aliyekuwa mwanachama kwa kupenda akawa mwanachama kwa kukosa pengine pa kuuza. Chama kisichoweza kukimbiwa huanza kulala, na viongozi wake huanza kuiba. Wizi ulikuwapo, nami sitauficha kwa kuupenda ushirika. Serikali ikauona ugonjwa huo, lakini badala ya kumrudishia mkulima uwezo wa kuondoka, ambao ndio dawa, mwaka 1976 ilivifuta vyama vikuu vya ushirika na kuyaweka mazao chini ya mamlaka zake yenyewe. Kabla miaka kumi haijapita ilibidi vyama virudishwe, sheria yake ikapitishwa mwaka 1982. Lakini kurudisha jina ni rahisi kuliko kurudisha imani ya watu waliokwisha kuona kazi yao ya miaka mingi ikifutwa kwa tangazo.

Sasa nifike kwenye vijiji. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967 alisisitiza hiyari, na mwaka uliofuata alieleza kwa uzuri usio na kifani kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe. Lakini Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka 1974 operesheni ilifika Shinyanga. Kulikuwa na hoja: shule, zahanati na kisima haviwezi kumfuata kila mtu kwenye mji wake uliojitenga, na wengi wetu tuliosoma, tulisoma katika shule za vijiji hivyo. Hoja hiyo nairuhusu isimame kwa uzito wake wote. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akiishi kati ya mashamba yake, na boma lake la minyaa, na makaburi ya wazee wake, alipewa siku chache, na aliyekawia alibomolewa. Ile haki ya kale ya kumkimbia mtawala ilipinduliwa, mtawala akawa ndiye anayeamua raia akae wapi.

Katika hayo yote napenda kutazama kwa karibu kitu kimoja, ngitili, kwa sababu ndicho kinachoonyesha hasara ambayo hakuna aliyeihesabu wakati ule. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza, pasiingie mnyama, nyasi zikaota na kukomaa na kukaukia pale pale. Na kiangazi kinapozidi, ardhi ya nje imebaki vumbi tupu, hulifungua kidogo kidogo, akaanza kwa maksai watakaovuta jembe, na ndama, na ng'ombe wagonjwa na wanaonyonyesha, ambao hawawezi kwenda mbali kutafuta majani. Mara nyingi halina ukuta wala waya. Mpaka wake ni mstari wa minyaa, au njia, au kichuguu ambacho majirani wote wanakijua. Kinacholilinda ni kwamba kila mtu anajua ni la nani, na bananzengo humtoza anayelivunja. Migunga ikiachwa humo hurudi yenyewe, na pamoja nayo hurudi kuni, dawa, matunda ya porini na asali.

Watu walipohamishwa, ngitili zao ziliachwa nyuma zikiwa hazina mwenyewe wa kuzilinda, zikaliwa na kila mnyama na kukatwa na kila shoka. Kabla ya hapo misitu mikubwa ilikuwa imekwisha kufyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, nayo pia ilikuwa kazi ya serikali yenye nia njema, na pamba ikamaliza sehemu kubwa ya iliyosalia. Mwaka 1984 Mwalimu alipoiona Shinyanga ilivyokuwa alisikitika, na watu wakaanza kuiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wote mnaijua kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Na hapa napenda niwasifu wataalamu wale, maana baada ya kujaribu kwanza vitalu na miche ya kugawa, walikuwa na unyenyekevu wa kuwauliza wazee miti ilikuwa ikihifadhiwa vipi zamani. Wazee wakawaambia. Serikali ikaacha kuamuru, ikakubali ngitili za watu na ngitili za vijiji ziwe na wenyewe, ikaunga mkono adhabu za dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, basi. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa, na mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sijui hoja nyingine yenye nguvu kupita hii katika nchi yetu. Ardhi ni ile ile, watu ni wale wale, mvua ni haba vile vile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na neno la mwisho juu ya nyasi.

Nataka sasa nijibu wale wanaosema kwamba, kwa maneno haya, nataka serikali iondoke watu wajitawale vijijini kama watakavyo. La. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Wasukuma na Wanyamwezi, kuanzia upande wa Kahama, waliunda sungusungu, kwa sababu wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi na polisi hawakuonekana. Na kazi waliyoifanya ilikuwa kubwa, mtu akaweza kulala tena. Lakini sungusungu hao hao waliwafukuza watu kwa tuhuma za uchawi, wakawapiga waliokana, na pakawa na mama aliyetengwa na mtaa mzima asipewe hata moto wa kuwashia jiko. Mtu mmoja anaweza kuonewa na ofisi, na anaweza kuonewa na jirani zake, na mgongo hauhisi tofauti ya fimbo hizo. Ndiyo maana sitaki serikali dhaifu. Nataka serikali yenye nguvu ya kumlinda kikongwe dhidi ya mtaa mzima, na isiyo na nguvu ya kumtesa mtuhumiwa hata kama mtaa mzima unashangilia. Mambo haya mawili hutoka katika kisima kimoja, nacho ni sheria inayomhesabu kila mtu peke yake, kwa jina lake, si kama sehemu ya kundi.

Sheria hiyo kwetu ilichelewa. Tulipopata uhuru, Katiba haikuwa na orodha ya haki za raia. Viongozi waliona kwamba ingeikwamisha serikali changa yenye haraka ya kujenga nchi. Watu wa hapa wanajua haraka hiyo iliwafikisha wapi baadhi ya watu wakubwa. Ntemi Kidaha Makwaia wa Busiya, mtu wa wilaya yenu hii, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 akiwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza, baada ya uhuru alipelekwa kukaa Tunduru, kusini kabisa, kwa amri ya serikali, si kwa hukumu ya mahakama. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo ilibidi kungoja hadi Machi 1988 ndipo mtu aweze kuzidai mahakamani. Mwaka huo huo, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliitamka ile sheria ya kikoloni ya mwaka 1921 ya kuwahamisha watu kwa amri kuwa inapingana na Katiba, katika shauri la mtu aliyekuwa amefungwa gereza la Musoma. Aliyetetewa hakuwa mtu maarufu wala hakusifiwa kuwa mwema. Hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa haki inayowalinda wema peke yao hailindi mtu, maana kila anayeonewa huanza kwa kuitwa mbaya.

Na bado iko kazi. Sheria za mwaka 1962 ziliwapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Tume ya Jaji Nyalali iliyomaliza kazi yake mwaka 1992 ilitaja sheria 40 zinazokandamiza, na hizo zilikuwamo. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliuendeleza uwezo ule ule, ijapokuwa imeutia masharti, kwamba pawe na hatari ya kweli ya kuvunjika kwa amani, sababu ziandikwe, na mtu afikishwe mahakamani muda huo ukiisha. Mara nyingi tumesikia mtumishi akiwekwa ndani kwa kuchelewa mkutano, au mkulima kwa kujibu kwa sauti kubwa. Masharti yanapuuzwa kwa sababu aliyewekwa ndani, akitoka, hushukuru Mungu na kunyamaza, akijiambia kwamba mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo ilimfaa mtu aliyekuwa na mahali pa kuhamia. Sisi hatuna tena Busukuma nyingine ya kukimbilia. Hatuna budi kusimama hapa na kuuliza sababu ziko wapi, na zimeandikwa na nani. Na rai yangu ni kwamba Bunge lingeuondoa kabisa uwezo huo, kwa kuwa polisi na mahakimu wapo, na mkuu wa wilaya hakuapishwa kuwa mmojawapo.

Lakini Bunge liko mbali, na mkutano mkuu wa kijiji uko karibu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeufanya mkutano huo, yaani watu wazima wote wa kijiji waliokaa pamoja, kuwa wenye kauli kubwa katika kijiji, na sheria ndogo ya halmashauri ya kijiji haiwi sheria mpaka ijadiliwe nao na kukubaliwa na wilaya. Basi mkutano ujao, atakaposimama mtendaji kutangaza faini mpya, iwe ya ng'ombe aliyevuka barabara, au ya kaya isiyokwenda kwenye kazi za maendeleo, au ya mchango ambao jana ulikuwa wa hiyari, naomba mtu mmoja anyanyue mkono, aulize kwa adabu faini hiyo imo katika sheria ndogo ipi, ilijadiliwa na mkutano wa tarehe gani, na stakabadhi itaandikwa kwa jina la nani. Mtendaji mwema hatachukia kuulizwa, kwa kuwa karatasi anayo. Na kama hanayo, wengine wamwunge mkono aliyeuliza, faini isitozwe siku hiyo.